Ramani moja, bei tatu

SWALI: Mtaalamu, mimi ni mwalimu wa sekondari na mume wangu ni dereva wa magari ya masafa. Tuna kiwanja Kibaha, mita 20 kwa 30, kimepimwa, kina mteremko kidogo. Hatukutaka ramani za kununua, tukamwomba kijana mmoja atuchoree ya kwetu: vyumba vitatu, kimoja masta chenye choo chake ndani, sebule, sehemu ya kulia, jiko, stoo, choo cha wote na baraza, jumla kama mita za mraba 120. Fundi wa kwanza kasema milioni 38. Wa pili kasema 62. Kampuni moja imetuletea 105. Ramani ni ile ile! Jirani aliyejenga mwaka juzi anasema yeye alitumia 45, ingawa nyumba yake imeanza nyufa kwenye kona za madirisha. Nani anatudanganya, na hasa ni nini kinachopandisha bei ya nyumba?

JIBU: Mwalimu, nashukuru kwa maelezo, kwa picha za ramani na kwa bei za vifaa za huko kwenu. Sidhani kama kuna anayewadanganya. Hao watatu hawakupiga bei ya nyumba moja, na kosa si lao, ni la ramani.

Mlichonitumia ni karatasi mbili. Ya kwanza ni mpangilio wa vyumba. Ya pili ni picha ya nyumba ikiwa imekwisha, imepakwa rangi ya kijivu, gari limeegeshwa mbele. Hamna karatasi ya msingi, hamna ya nondo, hamna ya paa, hamna orodha ya milango na madirisha, wala hakuna palipoandikwa sakafuni panawekwa nini. Fundi akipewa karatasi hizo akaulizwa "shilingi ngapi?", hana njia ila kujaza mapengo kwa kichwa chake. Wa kwanza, kwa 38, karibu nina uhakika kakupigia boma na paa tu: msingi, kuta, lenta (bimu ya zege juu ya madirisha na milango), kenchi (mbao zinazobeba paa), bati, basi. Wa pili kaongeza plasta, jipsam ya dari, taili za kawaida, madirisha, milango na mabomba, ila nadhani hakugusa karo (shimo la maji machafu), wala kuingiza umeme na maji, wala sehemu ya nje. Kampuni imehesabu yote hayo, ikaweka msimamizi wa kila siku, faida yake na kodi. Ikiwa hiyo 105 ina VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ndani, asilimia 18, basi kama milioni 16 hapo ni za serikali hata kabla hamjagusa tofali. Waulizeni wote watatu swali moja tu: "Ukimaliza kazi yako, naweza kuhamia siku hiyo hiyo?" Majibu yao yataeleza sehemu kubwa ya tofauti.

Iliyobaki ndiyo nataka tuizungumze vizuri, maana watu wengi wanadhani bei ya nyumba inatokana na idadi ya vyumba. Chumba cha kulala ndicho kitu rahisi kuliko vyote ndani ya nyumba. Ni kuta nne ambazo mbili tayari zipo, dirisha moja, mlango mmoja, taa na soketi mbili tatu. Fedha inakaa jikoni na vyooni: mabomba ya maji safi na machafu, taili za ukutani, sinki, koki, kuzuia maji yasipenye, karo na chemba (visanduku vya kukagulia mabomba ya maji machafu) huko nje. Nyumba ya vyumba vitatu yenye masta watatu inaweza kuizidi kwa gharama nyumba ya vyumba vinne yenye choo kimoja. Ndiyo maana bei ya "kwa mita ya mraba" inayotajwa mitaani huwa haina maana mpaka uulize ni mita ya mraba ya nyumba ya namna gani. Nyumba ndogo, kwa kawaida, kila mita yake ni ghali zaidi, kwa sababu jiko na choo havipungui kwa kasi ile ile ambayo sebule inapungua.

Sasa turudi kwenye sentensi uliyoiandika kwa kupita tu: nyumba ya jirani imeanza nyufa kwenye kona za madirisha. Katika barua yako yote, hiyo ndiyo iliyonishtua, na inaweza kuwagharimu kuliko kitu kingine chochote mlichonieleza. Kibaha ina sehemu zenye mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Wahandisi wamezitafiti, na kuna majengo huko yaliyopasuka kwa ajili hiyo. Si Kibaha yote, na huenda si kwenu. Huenda jirani alijenga kwa tofali dhaifu au fundi wake aliruka lenta. Muulizeni jambo moja kwa upole: hizo nyufa zinajifunga masika na kufunguka tena kiangazi? Akisema ndiyo, tatizo liko chini ya nyumba, si ukutani.

Kisha chimbeni shimo. Kibarua mmoja, jembe na sururu, shimo la mita moja na nusu kwenda chini, pale hasa nyumba itakapokaa, si pembeni mwa kiwanja. Kama mnaweza, chimbeni mawili, moja upande wa juu wa mteremko na jingine upande wa chini. Angalieni udongo unavyobadilika rangi kadiri mnavyoshuka. Mchanga mwekundu unaomwagika vidoleni ni habari njema. Mkikuta udongo mweusi au wa kijivu, mzito, uloweke kidogo, uufinyange kwa viganja mpaka uwe kamba nyembamba kama penseli, halafu ukunje iwe pete. Ikikunjika bila kukatika, na ardhi ya juu huwa inapasuka kiangazi kiasi cha kuingiza vidole, simamisheni kila kitu mpaka mhandisi auone. Kupeleka udongo maabara kunagharimu, lakini ukilinganisha na bei ya msingi ni fedha ndogo sana.

Kwa nini nalikazania? Kwa sababu msingi wa nyumba yenu kwenye mchanga mzuri na msingi wa nyumba hiyo hiyo kwenye mfinyanzi unaovimba ni kazi mbili tofauti. Wa kwanza ni mtaro wa kawaida, zege la chini, tofali za kulaza, kifusi, jamvi (zege la sakafu). Wa pili unaweza kudai mtaro wa kina zaidi, zege lenye nondo, bimu ya chini inayozunguka nyumba nzima, na pengine kuondoa udongo mbaya na kurudisha moramu (udongo wa changarawe) ya kushindilia tabaka kwa tabaka. Mamilioni yanaongezeka hapo na mgeni atakayekuja kunywa chai hataona hata shilingi moja yake. Fundi wa 38 hakuuweka huo, nakuhakikishia, kwa sababu hakuna karatasi iliyomwambia auweke. Kuna na mambo ya bei nafuu yanayosaidia kwenye udongo wa aina hiyo: gata za kupeleka maji ya mvua mbali na ukuta, sakafu ya zege ya upana wa mita moja kuzunguka nyumba, na kutopanda miti mikubwa karibu na msingi. Watu huyaacha hayo mpaka mwisho fedha inapokwisha, wakati ndiyo yanayoulinda msingi usilowe upande mmoja na kukauka upande mwingine.

Mteremko nao. Umesema "kidogo", na kila mwenye kiwanja husema hivyo. Pimeni kwa mpira wa maji, fundi yeyote anao. Tuseme mmekuta tofauti ya mita 1.2 kutoka kona ya juu ya nyumba hadi ya chini. Wastani wa kunyanyua ni sentimita 60. Kwa eneo la mita za mraba 120, hizo ni mita za ujazo 72 za kifusi. Kwa tipa la mita za ujazo 7 ni tripu zaidi ya 10, na mkishindilia vizuri zinafika 12 au 13. Kuta zote za nyumba, za nje na za ndani, nimezipima kwenye ramani yenu, zina urefu wa karibu mita 96. Ukizinyanyua hizo sentimita 60 kwa tofali za kulaza, ni kama tofali 750 zinazofukiwa. Hapo hamjajenga hata kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali, inayoonekana. Nyumba ikigeuzwa, upande wake mrefu ukawa unaukata mteremko badala ya kushuka nao, hesabu hiyo inapungua bila kupunguza chumba hata kimoja. Ramani ya kununua haijui kiwanja chenu kinaelekea wapi. Ninyi mmelipa mchoraji, kwa hiyo mnayo haki ya kumwambia aende akasimame kiwanjani.

Na tukiwa kwa mchoraji, nyumba yenu ina pembe nyingi mno. Sebule imejitokeza mbele, masta imejitokeza pembeni, jiko limerudi nyuma, baraza limeingia ndani. Inapendeza kwenye picha, sikatai. Ila mstatili wa mita 10 kwa 12 una mita za mraba 120 zile zile na mzunguko wa mita 44. Nyumba yenu, kwa mikunjo hiyo, ina mzunguko wa mita 56. Mita 12 za ziada. Ukuta wa kimo cha mita 3, hizo ni mita za mraba 36 za ukuta ambazo hazikuongezei hata pa kuweka stuli. Kila mita ya mraba hula karibu tofali 10 za kusimamisha ukihesabu na zitakazovunjika, kwa hiyo tofali 360, na chini yake kwenye msingi kama 150 nyingine za kulaza. Kwa tofali la shilingi 1,500, ni zaidi ya laki saba na nusu. Ongeza zege la chini, nondo 4 za lenta na ringi zake, plasta ya ndani na nje mita za mraba 72, rangi ya hizo 72, na ufundi wa yote. Sioni mkitoka humo chini ya milioni mbili na nusu. Kama mnaipenda nyumba yenye mikunjo, jengeni, nyumba ni yenu. Mjue tu kwamba mmeinunua.

Kimo hali kadhalika. Siku hizi kila mtu anataka dari iende juu. Kutoka mita 3 kwenda 3.6 kwenye kuta zenu zote ni zaidi ya tofali 550, na plasta na rangi pande zote mbili. Kwa joto la Pwani kuna faida ya kunyanyua kidogo, ila dirisha lililokaa mahali pake, upepo ukaingia huku ukatokea kule, linasaidia kuliko kimo.

Paa ndipo picha ya karatasi ya pili inapowadanganya kuliko fundi yeyote. Mmechorewa paa la kuficha. Watu wanadhani ni rahisi kwa kuwa bati ni chache na kenchi ni fupi, na kweli hapo mnaokoa. Lakini lazima mjenge kuta za juu zinazoficha bati, zipigwe plasta pande zote, zifunikwe juu, na katikati uwekwe mfereji wa maji ambao ukiziba kwa majani siku moja ya mvua ya vuli, maji yanarudi ndani ya jipsam. Kwa mzunguko wa mita 56, ukuta wa kimo cha mita moja tu ni tofali karibu 560. Mimi siwakatazi wateja paa la kuficha, nawaambia walipe fundi anayejua mifereji, na hao si wengi. Mkirudi kwenye paa la kawaida, lililo rahisi zaidi ni la migongo miwili lililonyooka. Kila mahali paa linapokunjana, bati zinakatwa mshazari na vipande vinatupwa. Mwinuko nao unakula: paa la nyuzi 30 lina bati nyingi kwa asilimia 15 kuliko eneo lililo chini yake, la nyuzi 45 asilimia 41. Na anayekutajia bei ya bati bila kutaja geji, yaani namba ya unene wake, hajakutajia kitu. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Namba ikipanda, unene wa bati unapungua.

Nimefika kwenye umaliziaji, na hapa ndipo wenye nyumba huanza kulaumiana usiku. Boma likisimama na bati likiwa juu, macho yanaona nyumba, na kila anayepita anawapongezeni. Kifedha mko nusu ya safari, pengine hamjafika. Plasta, skimu ya kulainisha ukuta, jipsam, wayaringi, mabomba, taili, madirisha, grili, milango, makabati, rangi, vifaa vya choo, karo: hivyo kwa pamoja hula karibu nusu ya fedha yote, na kwa wenye kupenda vizuri, zaidi ya nusu. Bei ya msingi inaamuliwa na ardhi, huna la kujadiliana nayo. Bei ya umaliziaji inaamuliwa na ninyi, dukani, mkiwa mmechoka, na muuzaji anawaonesha taili inayong'aa kuliko mliyoifuata.

Chukueni sakafu yenu, kama mita za mraba 105 ukiondoa unene wa kuta. Kila shilingi 10,000 mnayoongeza kwa mita ya mraba ya taili ni zaidi ya milioni moja. Ndani ya duka moja utakuta taili zinazozidiana mara tatu. Tunazo zinazotengenezwa hapa hapa, Chalinze na Mkuranga, na kwa sakafu ya chumba cha kulala sioni sababu ya kuagiza nyingine. Milango: mlango wa mninga na fremu yake, ukilinganisha na ule mwepesi ulio mtupu ndani, ni vitu viwili tofauti kabisa kwa bei, na nyumba yenu ina milango isiyopungua minane. Ushauri wangu ni mninga mbele na nyuma, vyumbani ya kawaida. Umeme huhesabiwa kwa pointi. Kila taa, kila soketi, kila swichi ni pointi, na michoro ya taa za rangi kwenye jipsam inaziongeza haraka sana. Makabati ya jikoni, yakiwa ya mbao nzuri na juu jiwe la granaiti, yanaweza kukaribia bei ya bati za nyumba nzima. Nimeona familia zilizokosana kwa ajili ya hayo makabati kuliko kwa ajili ya kiwanja chenyewe.

Jambo la kufanya, mwalimu, ni kuandika umaliziaji kabla ya kuomba bei. Nendeni dukani sasa hivi, kabla hamjachimba mtaro, mchague taili, aina ya dirisha, aina ya mlango, koki na sinki, muandike majina na bei zake. Hiyo ndiyo orodha itakayoingia kwenye BOQ, yaani mchanganuo wa kazi na vifaa vyote na bei zake, na bila hiyo BOQ ni karatasi nzuri yenye namba za kubuni. Mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa anaweza kuwaandalia kutokana na ramani kamili, na wote watatu wakapiga bei ya vitu vile vile, mstari kwa mstari. Hapo ndipo mtaona nani ghali na nani rahisi. Kwa sasa hamlinganishi bei, mnalinganisha mawazo ya watu watatu.

Vifaa na usafiri sitavikalia sana, kwa kuwa Kibaha mko pazuri. Kokoto zinashuka na barabara ya Morogoro kutoka Lugoba, saruji ya Wazo haiko mbali, mbao za Mafinga zinapita njia hiyo hiyo kwenda Dar es Salaam. Anayejenga ndani ndani huko ambako tipa halifiki hulipa mara mbili, barabarani na kwa vibarua wa kubeba. Ulizeni tu kama gari linafika hadi kiwanjani wakati wa masika, na maji ya kujengea mtayapata wapi. Maji ya boza kwa zege na kumwagilia tofali hujumlika kimya kimya. Nondo na bati zinafuata dola, maana sehemu kubwa ya malighafi inatoka nje. Bei ya Januari si ya Julai.

Usimamizi ni gharama ambayo wenye nyumba wengi hawaiandiki popote. Mume wako yuko Tunduma au njiani kurudi. Wewe zege linapomwagwa saa nne asubuhi uko darasani. Sasa nani anahesabu mifuko? Mkimchukua fundi wa 62 na kununua vifaa wenyewe, mmeshakuwa wakandarasi, na mkandarasi asiyekuwepo saiti ndiye anayelipa saruji mara mbili. Si lazima mchukue kampuni ya 105. Mnaweza kumlipa fundi sanifu au mhandisi aje kwa nyakati maalumu: mtaro ukiwa wazi kabla ya zege, nondo zikiwa zimefungwa kabla ya jamvi na lenta, kenchi zikiwa zimesimama kabla ya bati, mabomba yakiwa wazi kabla ya kufukiwa. Siku hizo hazizidi vidole vya mikono miwili kwa nyumba nzima, na ndizo siku ambazo makosa bado yanaonekana.

Kuna vitu viwili unaweza kuvikagua wewe mwenyewe Jumamosi. Kwanza nondo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa karibu kilo 10.6. Omba muuzaji aipime kwenye mzani. Ikija kilo 8, umeuziwa yenye unene wa kama 10 na nusu iliyobatizwa jina la 12, na pale bei yake nafuu ilipotoka umepajua. Pili tofali. Muulize mfyatuaji anatoa ngapi kwa mfuko mmoja wa kilo 50. Tofali za inchi 6 zinazozidi 35 kwa mfuko mimi sizipandishi ukutani. Ukilikwangua kwa msumari likamwaga mchanga kama sukari, liache hapo hapo. Tofauti ya bei kati ya mafundi wawili mara nyingi imelala ndani ya vitu hivi viwili, na haitaonekana mpaka nyumba iwe na watu.

Mwendo wa kujenga nao una bei. Najua mshahara, najua tunavyojenga: msingi mwaka huu, boma mwakani, bati Mungu akijalia. Sina neno baya juu ya hilo, nusu ya nchi imejengwa hivyo. Lakini kila mnaposimama na kuanza tena mnalipa mirunda upya, mbao za zege upya, mlinzi, kibarua wa kufyeka, na bei mpya za duka. Boma likikaa bila paa misimu mitatu ya mvua, nondo zilizoachwa wazi juu yake hushika kutu, na wanakijiji hulifanya stoo. Mkinunua vifaa mapema, nunueni tofali na nondo, msinunue saruji. Mfuko ukikaa miezi mitatu nguvu zake zinaanza kupungua hata kama umeufunika vizuri. Na kama mnajenga kwa awamu, awamu zichorwe tangu mwanzo. Anzeni na vyumba viwili, choo, jiko na sebule, vikamilike mkahamie, na masta iongezwe baadaye pale ambapo msingi wake ulishaachiwa nafasi na mabomba yake yalishatokezwa. Kodi ya nyumba mnayopanga sasa nayo ni sehemu ya gharama ya ujenzi unaochelewa, ila hakuna anayeiandika.

Kibali cha ujenzi chukueni halmashauri kabla ya kuchimba. Ada yake si kitu ukilinganisha na amri ya kubomoa. Watawadai michoro kamili, na hiyo itamlazimisha kijana wenu atoe zile karatasi zilizokosekana. Ulizeni pia umbali kutoka nguzo ya TANESCO iliyo karibu na bomba la DAWASA. Kama nguzo zinahitajika zaidi ya moja, hilo liingie kwenye bajeti kama mstari wake peke yake.

Sasa najua unasubiri namba yangu, sitakukwepa. Kwa bei za vifaa ulizonitajia, nyumba ya mita za mraba 120 kwenye udongo mzuri, paa la kawaida la geji 28, taili za hapa nchini, madirisha ya aluminiamu, jipsam isiyo na mbwembwe, karo, chemba, umeme na maji ndani, mimi ningeandika kati ya milioni 75 na 85, pamoja na dharura ya asilimia 10. Mkinyoosha zile pembe, mkaweka choo cha wote, masta na jiko vipakane ili mabomba yawe mafupi, inashuka kuelekea 70. Udongo ukiwa ule ninaouogopa, ongezeni milioni 6 hadi 10 kwenye msingi, na dharura ipande iwe asilimia 15.

Kama fedha haitoshi, na mara nyingi haitoshi, msikate kwenye msingi, nondo, bati wala mabomba yanayofukiwa. Kata vinavyobadilishika. Makabati yanaweza kuwa shelfu za mbao na pazia kwa miaka miwili. Milango ya vyumbani inaweza kuwa ya bei ndogo. Baraza linaweza kubaki la sakafu ya saruji. Rangi ya nje inaweza kusubiri, plasta haisubiri. Uzio wa tofali uachwe kabisa mpaka mtakapohamia. Mzunguko wa kiwanja chenu ni mita 100, na ukuta wa kuuzunguka wote, pamoja na geti, utameza fedha ya umaliziaji wa vyumba viwili. Pandeni michongoma.